Makadeti wa Mama Sifael

Ukipita Kiboriloni siku ya soko, kule nyuma wanakofungulia marobota ya mitumba, ukasikia mwanamke anafoka, "Kuruta, kifua mbele, tumbo ndani, umekuja kusoma au kuota jua?", usikimbie. Hakuna jeshi lililoshuka. Ni Anaeli, Mama Sifael, yuko ndani ya banda lake la video, maiki mkononi, anawatafsiria watu makadeti.

Tamthilia yenyewe ni ya zamani kuliko karibu kila mtu anayeitazama. Haina rangi. Ilitengenezwa Marekani kabla Tanganyika haijapata uhuru, na inahusu vijana wanaosomea uafisa katika chuo cha kijeshi, kitu kama Monduli yetu, ila cha kwao kina majengo ya mawe na mto mpana mbele yake. Vipindi kumi na viwili, kila kimoja nusu saa. Hapigwi risasi mtu hata mmoja, na magari yanayopita ukiyaona utacheka. Sasa katika dunia hii ambayo kila mtu ana sinema mfukoni, ni nini kinachomfanya muuza nyanya aache meza yake akakae kwenye benchi la mbao kuangalia vijana wanapiga kwata? Ni mdomo wa Anaeli, basi. Hakuna kingine.

Wengine wanaotafsiri filamu hueleza tu nani kasema nini. Anaeli alianza kwa kuwabatiza upya wote. Kadeti mrefu mwenye masikio makubwa ni Praygod. Yule mnene ni Sirili, na kila akionekana anakula, hata kama ni mkate mkavu, kwa Anaeli anakula kiburu cha ndizi na maharage na anaomba kuongezewa. Mkuu wa chuo, Kanali, anaongea Kiswahili cha mzee wa usharika anayesoma matangazo baada ya ibada, kirefu na chenye vitisho vya upole. Halafu yuko Eliakim. Huyu ni kijana mkimya, mtoto wa mjane, wa kwanza kuamka na wa mwisho kulalamika. Watu wa Kiboriloni wanampenda Eliakim kama mtoto wa jirani. Kuna mama mmoja wa mchele aliwahi kumkemea Kanali kwa sauti kwa sababu alimnyima Eliakim likizo.

Ni kipindi cha kumi na mbili kilicholeta maneno yote haya. Katika kipindi hicho Eliakim anapata habari kuwa mama yake yuko mahututi. Anaomba ruhusa, ananyimwa. Anatoka bila ruhusa, anamwona mama yake, anarudi asubuhi, na anakutwa getini. Kanali anamfukuza chuo. Makadeti wote wanapangwa mistari miwili, ngoma inapigwa polepole, na Eliakim anapita katikati yao na begi lake. Kila anapopita, wenzake wanamgeuzia mgongo, mmoja baada ya mwingine, hata Praygod, hata Sirili. Geti linafungwa. Mwisho.

Ila kwa Anaeli huo haukuwa mwisho. Alikuwa na ujanja wake. Geti likishafungwa tu, alirudisha kipindi cha kwanza kabisa, pale mwanzoni ambapo Eliakim anaingia chuoni mara ya kwanza, anatembea peke yake na begi lilelile kuelekea geti lilelile, na mlinzi anamfungulia. Anaeli alikuwa anashusha sauti hapo. "Baada ya miezi mitatu," alikuwa anasema, "Eliakim amerudi. Ndani ya begi amebeba isale. Kanali ameliona jani, amenyamaza. Atafanyaje? Amepokea." Na banda zima linapiga makofi, akina mama wanajifuta macho kwa khanga. Zaidi ya miaka ishirini Kiboriloni iliamini hivyo. Mara moja tu fundi saa mmoja aliuliza mbona huyu anayerudi ana nywele nyingi, na yule aliyefukuzwa alikuwa amenyolewa. Anaeli alimjibu kwamba miezi mitatu nyumbani hakuna kinyozi wa jeshi, na fundi akakaa chini.

Isale huku mlimani hakuna asiyelijua. Ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo. Ukimkosea mtu, ukamletea isale mkononi, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, hata kama ulimchomea nyumba. Atakunywa pombe ya mbege na wewe huku anasaga meno, lakini atasamehe. Ndivyo watu wa hapa walivyoishi jirani kwa jirani miaka yote bila kumalizana.

Sasa Anaeli aliutoa wapi huo mwisho wake? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1986 alikuwa kidato cha tatu kwenye shule moja ya sekondari huko juu Old Moshi. Alikuwa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa anamuibia majibu. Mwezi wa pili matroni alipanga wasichana mstari, akawa anawabonyeza matumbo mmoja mmoja, na kwa Anaeli mkono ukasimama. Kesho yake jina lake lilisomwa mbele ya shule nzima. Wanafunzi wakaambiwa waangalie upande wa bendera, na yeye akatembea mpaka getini na sanduku lake la bati. Aliyempa mimba alikuwa kidato cha nne. Alimaliza mtihani wake vizuri tu, na leo ni mzee wa kanisa mahali fulani, anahubiri maadili. Jina lake silitaji, na si kwa kumwonea huruma.

Wiki iliyofuata mama yake Anaeli, mwanamke ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, alivaa kitenge chake cha Pasaka, akakata isale mpakani, akapanda kwa miguu mpaka shuleni. Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa mtu wa kuja, wa mikoa ya mbali. Alilipokea lile jani, akaligeuza huku na huku, akauliza hii ni mboga gani. Akaliweka dirishani. Mama akasubiri. Baada ya muda mkuu akamuuliza kama kuna jambo jingine. Mama alirudi nyumbani, akaingia jikoni, na mpaka anakufa hakupita tena njia ya shule ile.

Ndiyo hivyo. Usharika nao ulimtenga Anaeli, kama desturi ya siku zile, mpaka alipotubu mbele ya watu ndipo akarudishwa kundini. Alimzaa Sifael, akamwachia mama yake, akashuka mjini kufanya kazi za ndani kwa wazungu wawili wazee huko Shantytown, mtaa wa wenye nazo. Yule mzee aliwahi kuwa kadeti ujanani, na alikuwa na kanda za tamthilia hii kwenye kabati, anaziangalia kila Jumapili mchana kama mtu anayesoma barua za zamani. Anaeli alikuwa anapiga pasi nyuma yao. Kiingereza alichokatiwa shuleni alikimalizia hapo, kwenye pasi, kwa kusikiliza makadeti. Siku alipoona kipindi cha kumi na mbili mara ya kwanza, ile ngoma na ile migongo, alisahau pasi juu ya shati la mzee, ikatoboa. Mzee alipogeuka kumgombeza alimkuta analia, akaliacha shati lake liende.

Wazee wale waliporudi kwao walimwachia televisheni, deki, na boksi la kanda. Anaeli akafungua banda Kiboriloni. Kanda zilipoanza kukwaruza, akazipeleka mjini zikahamishiwa kwenye flashi. Deki ikafa, projekta ikaja. Mipira ya Ulaya ndiyo ilimlipia pango, ukweli usemwe, lakini makadeti ndio walikuwa wake.

Maisha yangeendelea hivyo kama si Brenda.

Brenda ni binti wa Sifael, na Anaeli ndiye aliyemlea, kwa sababu Sifael ni kiongozi wa wageni mlimani na siku zake nyingi yuko juu kwenye mawingu. Msichana ana kichwa. Alipangiwa shule ileile ya Old Moshi, na Anaeli hakupinga. Alisema majengo hayana kosa. Mwaka jana, Brenda akiwa kidato cha tatu, alipata mimba. Anaeli alikaa siku nzima kwenye kigoda. Jioni alimwita mjukuu wake akamwambia, "Utazaa, utanyonyesha, na utarudi. Umenisikia? Siku hizi inaruhusiwa. Serikali yenyewe imesema."

Na kweli ilikuwa imesema. Waraka ulishatoka miaka kadhaa iliyopita, msichana akijifungua ana haki ya kurudi darasani. Lakini waraka ni karatasi, na mkuu wa shule ni mtu. Mkuu wa sasa anaitwa Mwalimu Wilson, mzaliwa wa hapahapa, kijana wa miaka arobaini na kitu, msafi, mpole wa maneno. Tangu Januari Anaeli alipanda kwake mara tano. Mara zote alikaribishwa kiti, mara zote aliamkiwa shikamoo, na mara zote aliambiwa, "Mama, suala la Brenda liko kwenye bodi. Bodi haijakaa." Hakuwahi kukataa hata siku moja. Huyo ndiye mtu mbaya kuliko anayekataa, maana anayekataa unamshtaki. Huyu utamshtaki kwa kukukaribisha kiti?

Halafu siku moja ya soko Mwalimu Wilson mwenyewe akashuka mpaka bandani, akainama kupita mlango mfupi, akakaa benchi la nyuma akatazama kipindi cha kumi na mbili mpaka mwisho. Watu walipotawanyika alimfuata Anaeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimekuja makusudi." Alitabasamu. "Unajua hii tamthilia iko kwenye mtandao? Nimeiona yote. Yule kadeti harudi, mama."

Anaeli alikuwa anakunja shuka jeupe analotumia kuonyeshea. Hakuacha kukunja. "Kwangu anarudi."

"Najua. Na ni vizuri kwa sokoni, inafurahisha." Akasogea. "Mwezi ujao tuna siku ya wazazi. Mada yetu ni nidhamu. Nataka uje uwaonyeshe wanafunzi kipindi hiki, wazazi na bodi nzima watakuwepo. Hakuna anayekuzidi kwa kutafsiri. Ila mwisho uwe ule wa kweli. Avunje sheria, afukuzwe, geti lifungwe, tuishie hapo. Watoto waone kwamba sheria ni sheria."

"Na Brenda?"

Mwalimu Wilson aliangalia viatu vyake. "Bodi ikiona bibi yake ni mtu wa kushirikiana na shule, na mimi nitakuwa na la kusema. Unanielewa, mama."

Alielewa vizuri sana. Alikuwa ameletewa kamba ajifunge mwenyewe. Akienda na mwisho wake wa isale, amemuumbua mkuu mbele ya wageni na Brenda amekwisha. Akienda na mwisho wa kweli, amesimama mbele ya bodi kwa mdomo wake mwenyewe kutangaza kwamba aliyetoka getini asirudi. Alimwambia Mwalimu Wilson kwamba atakuja.

Sifael alipoteremka mlimani wiki hiyo, midomo imepasuka kwa baridi, alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akashauri kitu ambacho mwanamume yeyote wa mlimani angeshauri.

"Mama, twende na isale. Mimi, wewe na Brenda. Wilson si mtu wa kuja, ni mtoto wa hapa. Ukimwekea isale mkononi hana pa kukimbilia."

Lilikuwa wazo zuri. Wala lisingeshindwa. Na Anaeli alifungua mdomo kukubali, ila maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Isale hubebwa na nani?"

"Na aliyekosa."

"Brenda kamkosea Wilson kitu gani?"

Sifael akamgeukia binti yake. Brenda alikuwa kando, ananyonyesha, macho chini.

"Mtoto wa watu amezaa," alisema Anaeli, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Kama kuna aliyekosewa ni yeye. Yeye na mimi. Bibi yako alipeleka jani pale juu, Sifael, akaulizwa ni mboga gani. Miaka yote nimemwonea hasira yule mkuu kwa kutolijua jani. Leo ndiyo naona. Hata angelijua, lilikuwa haliendi kwake. Yeye ndiye aliyepaswa kulileta." Akavuta kigoda chake. "Na mimi mjinga, miaka ishirini nampa Eliakim jani mkononi. Mtoto kaenda kumwona mama yake mgonjwa, namrudisha anaomba msamaha, na nyie mnapiga makofi."

"Mama, sasa utafanya nini?"

"Nitafanya alichoniomba. Brenda, ile sketi ya shule bado inakutosha?"

Siku ya wazazi iliangukia Alhamisi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanafunzi mbele kwa vidato, wazazi nyuma, na pembeni kwenye viti vya kitambaa wajumbe wa bodi na mwenyekiti wao, Mama Monica, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi ambaye huvua miwani akitaka kusikia vizuri. Watu wa sokoni nao walipanda, hata wasio na mtoto pale, kwa ajili ya Eliakim tu. Sifael alikaa nyuma kabisa, babu kijana kuliko wote ukumbini, amempakata mtoto wa Brenda. Na Brenda alikuwa wapi? Alikuwa katikati ya kidato cha tatu, sketi imepigwa pasi, soksi nyeupe, amekaa kama wengine. Wenzake walisogea wakampa nafasi bila kuulizana. Walimu walimwona. Lakini wageni walishaingia, na hakuna mwalimu anayetaka kumtoa msichana kwenye benchi mbele ya wageni.

Pazia likavutwa, projekta ikawaka, na Anaeli akachukua maiki. Alitafsiri siku hiyo kama ambavyo hakuwahi kutafsiri. Sirili alikula, watu wakacheka. Kanali alihutubia, wazazi wakacheka zaidi, maana mzee wa usharika mmoja alikuwa amekaa pale mbele. Barua ya mama mgonjwa ilipofika ukumbi ukatulia. Alipofika kwenye hukumu, Anaeli alitafsiri kila neno la Kanali kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ngoma ikapigwa. Migongo ikageuka. Geti likafungwa. Ukutani pakabaki mwanga mtupu.

Mwalimu Wilson akaanza kupiga makofi. Hakufuatwa na mtu. Kutoka nyuma sauti ya mama wa mchele ikasema, "Mama Sifael, hajarudi bado."

"Harudi," alisema Anaeli kwenye maiki. "Picha imeishia hapo. Mwalimu aliniomba mwisho wa kweli, na huo ndio wa kweli. Waliotengeneza hawakuonyesha mtoto alikwenda wapi, kwa sababu wote walikuwa wamegeuka, hakuna aliyeangalia. Mimi najua alikokwenda. Nitawaambia kipindi cha kumi na tatu, hakichukui muda."

Mwalimu Wilson aliinuka nusu, akaona wajumbe wametulia, akakaa.

Anaeli alisimama mbele ya ule mwanga mtupu, akaendelea kwa sauti ileile ya kutafsiri. "Eliakim alishuka na barabara ya vumbi mpaka kwao. Hakusindikizwa. Baba yake hakusema naye mwezi mzima. Mama yake alimpikia mtori kila asubuhi, akauweka mbele yake, akatoka. Mwezi wa saba, siku ya manyunyu na baridi, Eliakim akajifungua mtoto wa kiume."

Kidato cha kwanza wakaangua kicheko. Kadeti amejifungua. Kicheko kilienda safu mbili tatu, kisha kikafa chenyewe, maana nyuma akina mama hawakuwa wanacheka, na mmoja alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

"Akatengwa kanisani. Akakaa benchi la nyuma, wakati aliyempa mimba anaimba kwaya. Akashuka mjini akapiga pasi nguo za watu, na Kiingereza akajifunzia hapohapo kwa kusikiliza televisheni ya mwenye nyumba. Akamsomesha mtoto. Mtoto amefika kilele cha mlima huu mara nyingi kuliko mtu yeyote ukumbini, yule pale nyuma, amebeba kitukuu changu. Akafungua biashara. Hakuiba, hakuombaomba. Kitu kimoja tu hakukipata. Kila mwaka kengele ya shule hii ikilia mwezi wa kwanza, anaisikia mpaka Kiboriloni, na kila mwaka anataka kuinuka."

Alihamisha maiki mkono wa pili.

"Nimewadanganya watu wa soko miaka mingi kwamba alirudi na isale. Nawaomba radhi. Alikuwa hana wa kumwomba msamaha. Lile geti ndilo lilimkosea."

Alizima projekta mwenyewe, akafungua pazia, akaenda kukaa karibu na Sifael. Ukumbi haukupiga makofi. Watu walikuwa wanamwangalia, wote, na wengine waligeuka kabisa kwenye viti vyao ili wamwone vizuri.

Mwalimu Wilson alifika kwenye maiki kwa haraka ya mtu anayezima moto. Alishukuru. Alisema tumejifunza mengi. Kisha, ili ratiba irudi mikononi mwake, akasema, "Sasa wanafunzi wote warudi madarasani, wazazi tubaki kwa taarifa ya shule."

Vidato vikainuka. Kidato cha tatu wakatoka kwa mstari, na Brenda ndani ya mstari. Alikuwa ameshafika mlangoni mkuu alipomwona.

"Brenda."

Akasimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama. "Naam, Mwalimu."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Darasani, Mwalimu." Hakuinua sauti, lakini ukumbi mzima ulimsikia. "Umesema wanafunzi wote."

Mwalimu Wilson aligeukia viti vya kitambaa, kwa uso wa mtu anayetafuta mkono wa kushika. "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ndiye yule ambaye suala lake... wazazi waelewe kwamba suala lake linasubiri bodi."

Mama Monica alivua miwani. "Bodi gani?"

"Bodi ya shule, mama."

"Bodi ya shule imekaa mara mbili tangu Januari, Mwalimu, na mara zote ajenda uliandika wewe. Jina la huyu mtoto mimi nalisikia leo." Aliisema polepole, kama anayesoma joto la mgonjwa. "Na waraka hausemi tukae. Unasema arudi. Sasa umesimamisha watoto mlangoni, na wana kipindi."

Mwalimu wa zamu, aliyekuwa ameshika mlango, ndiye aliyeamua: alijisogeza pembeni. Brenda akapita. Mstari ukapita naye. Kupitia dirishani Anaeli alimfuata kwa macho akivuka uwanja, akipita mlingoti wa bendera, mpaka mlango wa darasa ukammeza, na hakuna msichana hata mmoja kwenye mstari ule aliyeangalia pembeni.

Jirani yake, mama asiyemjua, alimshika goti akamshukuru kwa Kichaga. "Aika mae," alimwambia taratibu.

Anaeli alitaka kulia, akaona bado kuna kazi. Alinyoosha mikono akampokea mtoto kutoka mapajani mwa Sifael.

"Nipe huyu," alisema. "Wewe shuka dukani ukanunue madaftari. Kesho ana vipindi saba."